Swali Linahitaji Makao

Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu wa sayansi, wazazi na wahitimu wa vyuo vikuu waliokutana Dar es Salaam. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni, walimu wenzangu, wazazi, wahitimu wa vyuo vyetu, na ninyi wanangu wa sekondari mliokuja na sare zenu siku ya Jumamosi: nawasalimu nyote kwa heshima kubwa na ninawashukuru kwa kuniita.

Mwenyekiti aliponiomba nije kuzungumzia chuo kikuu cha utafiti wa sayansi asilia, chuo kinachopokea wanafunzi wa uzamili na uzamivu peke yao, mama mmoja aliyekuwa ameketi nasi aliuliza kwa mshangao: "Sasa chuo kisichopokea vijana waliotoka kidato cha sita kinamfundisha nani?" Nimelibeba swali la mama yule wiki nzima, kwa sababu limegusa kiini cha jambo lenyewe. Asubuhi hii nitajaribu kumjibu yeye kwanza, kisha ninyi nyote.

Nianzie nyumbani. Mwaka 1963 kijana aitwaye Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya sekondari mkoani Tanga. Wanafunzi wa shule ile walipenda kutengeneza aiskrimu: walichemsha maziwa, wakakoroga sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaingiza kwenye jokofu. Nafasi ndani ya jokofu ilikuwa ndogo na wanafunzi walikuwa wengi. Siku moja Mpemba aliona mwenzake amekwisha kuweka maziwa yake bila hata kuyachemsha. Akajua kwamba akisubiri ya kwake yapoe atakosa nafasi, basi akayaingiza yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu walifungua jokofu. Maziwa ya Mpemba, yaliyoingia ya moto, yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado kama uji mzito.

Akamwuliza mwalimu wa fizikia sababu yake. Mwalimu akamjibu kwamba amechanganyikiwa, kwa kuwa jambo hilo haliwezekani. Likizo ilipofika, Mpemba akaenda Tanga mjini, akakuta watengenezaji wa aiskrimu wanaweka mchanganyiko wa moto kwenye jokofu kwa makusudi, kwa sababu waliona unaganda upesi na biashara haingoji. Tazameni hapo, ndugu zangu: wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa na ujuzi ambao darasa la fizikia lilikuwa limeukataa. Alipofika kidato cha tano huko Iringa akauliza tena, na mwalimu wa huko akamwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo, kila alipokosea hesabu ubaoni, wenzake walimwambia kwamba hiyo nayo ni hesabu ya Mpemba.

Kisha akaja mgeni kutoka hapa kwetu. Denis Osborne alikuwa mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Alipomaliza mhadhara wake alikaribisha maswali, na Mpemba akasimama: ukichukua vyombo viwili vyenye maji kiasi kilekile, kimoja kikiwa na nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye jokofu, kile cha nyuzi 100 ndicho kinachotangulia kuganda; kwa nini? Wanafunzi wenzake wakacheka. Osborne akamwuliza kama kweli amelifanya jaribio hilo mwenyewe. Mpemba akasema ndiyo. Osborne akamwahidi kwamba akirudi Dar es Salaam atalijaribu.

Na kweli, alilijaribu. Alimkabidhi fundi wa maabara kazi ile, na fundi akarudi na habari kwamba maji ya moto yameganda kwanza kweli, lakini akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi! Hata fundi, aliyeyaona kwa macho yake mwenyewe, hakuyaamini. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika pamoja na kuchapisha walichokiona, na tangu hapo dunia nzima inaliita jambo hilo kwa jina la kijana wetu. Wanafizikia bado wanabishana. Wapo waliopima kwa uangalifu mkubwa wakasema katika maji hawalioni, na wapo waliolionyesha katika mifumo mingine midogo kabisa. Ubishi huo wenyewe ni sifa kwa aliyeuliza, kwa maana swali la kipuuzi halisumbui watu kwa zaidi ya miaka 50.

Sasa nawauliza ninyi: nani alimkosea Mpemba? Wengi tutamnyooshea kidole mwalimu. Mimi nimefundisha, na sitamnyooshea. Mwalimu yule alikuwa na muhtasari wa kumaliza, mtihani wa taifa mbele yake, na darasa zima la vijana wanaosubiri aendelee na somo. Swali la Mpemba lilifika katika nyumba ambayo haikuwa na chumba kwa ajili yake. Lilipopata mtu mwenye maabara, mwenye fundi, na mwenye wiki chache ambazo hakuna aliyezidai, swali likapata pa kulala. Hicho ndicho ninachotaka kukizungumzia leo: pa kulala maswali.

Chuo kikuu tulichokizoea kina mzigo mkubwa na wa heshima. Kinapokea vijana kwa maelfu, kinawafundisha yale yanayojulikana tayari, kinawatahini na kuwatoa wakiwa walimu, wahandisi, madaktari na wafamasia. Mhadhiri wake anasahihisha karatasi 300 mwezi wa Februari na nyingine 300 mwezi wa Julai, na utafiti anaufanya katika masazo ya muda. Nasema haya bila kumlaumu mtu. Miaka yangu mingi ya kazi ilipita hivyo.

Chuo kingine, ambacho ndicho ninachokisema, kimeamua kutofundisha shahada ya kwanza. Anayeingia pale amekwisha kuipata mahali pengine. Anakuja kuongozwa na mtafiti katika swali moja ambalo hakuna anayelijua jibu lake, yeye hajui na anayemwongoza hajui. Kwa hiyo, mama yangu uliyeuliza, jibu langu la kwanza ni hili: chuo kile kinamfundisha mtu ambaye amemaliza kujifunza majibu ya wengine, na sasa anajifunza namna ya kutafuta jibu ambalo halijawahi kuandikwa.

Vyuo vya namna hii si vingi duniani. Kipo Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York, kilichoanza mwaka 1901 kama taasisi ya utafiti wa tiba na baadaye kikawa chuo cha uzamivu. Kipo Okinawa, katika visiwa vya kusini mwa Japani, chuo kilichopokea kundi lake la kwanza la wanafunzi mwaka 2012, ambacho hakikugawanywa katika idara kabisa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupita katika maabara tatu tofauti kabla ya kuchagua pa kukaa, hivyo mwanafizikia anajikuta anafuga samaki na mwanabiolojia anapanga vioo vya leza. Na ipo Taasisi ya Weizmann katika mji wa Rehovot, kusini ya Tel Aviv nchini Israeli, yenye kitivo cha fizikia, cha kemia, cha biolojia, cha baiokemia, na cha hisabati pamoja na sayansi ya kompyuta, na hakuna kingine. Katika vyuo vyote vitatu mwanafunzi halipi ada. Analipwa posho ya kuishi, kwa sababu anahesabiwa kuwa mtu aliye kazini.

Najua kwamba nchi ile ikitajwa katika ukumbi wowote mjini hapa, mioyo inachemka, na kwa sababu zinazoeleweka. Naomba mnisikilize kwa subira, maana nazungumzia maabara, na maabara nazo hazikai nje ya historia. Chaim Weizmann, mwasisi wake, alikuwa mkemia kabla ya kuwa rais wa kwanza wa nchi ile. Akiwa mhadhiri Manchester, Uingereza, alimpata bakteria anayeweza kuchachusha wanga na kutoa asetoni. Wanga wenyewe ulitoka wapi? Ulitoka katika mahindi, mahindi haya haya tunayosongea ugali. Kila aliyewahi kuona togwa ikichachuka jikoni kwa bibi yake anaujua mwanzo wa sayansi ile: nafaka, maji, joto, na viumbe visivyoonekana vinavyofanya kazi usiku kucha. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Uingereza ilihitaji asetoni kwa ajili ya kutengeneza baruti ya mizinga yake, na njia ya Weizmann ikapanuliwa kutoka chupa za maabara hadi mapipa makubwa ya kiwandani. Mahindi yalipoadimika mwaka 1917 kwa sababu meli zilikuwa zinazamishwa baharini, watoto wa shule wa Uingereza waliambiwa waokote mbegu za miti porini zitumike badala yake.

Nimeisimulia habari hii kwa uchungu kidogo. Kuchachusha mahindi kulikoanza kama swali la mkemia kuliishia ndani ya mzinga. Na mwezi wa Juni 2025, katika vita kati ya Israeli na Iran, kombora liliangukia taasisi ile ile na maabara zikaharibika pamoja na sampuli zilizokusanywa kwa miaka mingi. Upande wa pili wanasayansi wa Iran waliuawa, na kabla ya hapo vyuo vikuu vya Gaza vilikuwa vimekwisha kubomolewa. Makao ya maswali hujengwa kwa vizazi viwili na hubomolewa kwa usiku mmoja. Sisi tuliojaliwa amani, je, tunaitumia kujenga nini?

Nirudi kwenye muda, kwa sababu muda ndicho kitu ambacho chuo cha namna hii kinampa mtu kuliko majengo. Mwaka 1939 alizaliwa Jerusalem mtoto wa kike aitwaye Ada Yonath, katika familia maskini iliyoishi chumba na majirani. Alipokuwa na miaka mitano alitaka kujua urefu wa baraza ya ghorofani kwao. Akapanda samani juu ya samani, akaanguka uani, akavunjika mkono. Alipofikisha miaka 11 baba yake alifariki dunia, na binti yule akaanza kufanya vibarua kumsaidia mama yake. Hebu nijibuni: hapa Dar es Salaam, Manzese au Mbagala, mtoto wa kike aliyefiwa na baba na anayevunjika mkono kwa kupima baraza angeishia wapi?

Yeye aliishia Rehovot, akapata uzamivu wake pale mwaka 1968, na miaka kumi na kitu baadaye akashika swali ambalo wenzake waliliona ni ndoto. Ndani ya karibu kila seli ya mwili wako, na ndani ya kila bakteria, kuna mitambo midogo sana iitwayo ribosomu. Kazi yake ni kusoma maagizo yaliyotoka kwenye vinasaba na kutunga protini, kiungo kimoja baada ya kingine, kama fundi wa shanga anavyotunga mkufu huku akiambiwa rangi inayofuata: nyekundu, nyeupe, nyeupe, buluu. Bila ribosomu hakuna damu, hakuna msuli, hakuna mtu. Yonath alitaka kuliona umbo lake. Njia ilikuwa moja: kuzipanga ribosomu zikae kwa safu ndani ya fuwele, kama chembe za chumvi zinavyojipanga, kisha kuipiga fuwele kwa mionzi ya eksirei. Lakini ribosomu ni kubwa kwa kazi ya namna hiyo, ina sehemu nyingi, nayo huchakaa upesi. Wataalamu waliamini kwamba haiwezi kupangika.

Akiwa amelala kitandani baada ya ajali ya baiskeli, alisoma kwamba dubu, kabla ya kulala usingizi wa majira yote ya baridi, ribosomu zao hujipanga kwa mpangilio ndani ya seli. Akajiambia: ikiwa mwili wa dubu unaweza kuzipanga, basi zinapangika. Akaacha bakteria wa kawaida akatafuta vijidudu vinavyoishi mahali pagumu, kwenye chemchemi za maji moto na katika chumvi kali ya Bahari ya Chumvi, maana viumbe waliozoea shida ribosomu zao ni imara. Mwaka 1980 akapata fuwele za kwanza. Mionzi ikaziharibu. Akabuni namna ya kuzipoza mpaka karibu nyuzi 185 chini ya sifuri zisiharibike. Picha kamili ilipatikana karibu mwaka 2000. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia pamoja na Venkatraman Ramakrishnan na Thomas Steitz.

Hesabuni nami: kutoka fuwele ya kwanza hadi picha kamili, miaka 20. Miaka 20! Ni nani kati yetu, katika bodi ya chuo, katika wizara, katika kikao cha familia, angemvumilia mtu miaka 20 akiwa na fuwele zinazoharibika? Nani angemwacha aendelee baada ya mwaka wa tatu? Baada ya mwaka wa saba? Na faida yake mnayo nyumbani. Erithromisini na tetrasaiklini, dawa ambazo mzazi yeyote hapa amewahi kuzinunua duka la dawa, humzuia bakteria asikue kwa kukwamisha ribosomu yake, na picha ile ndiyo inayowaonyesha wataalamu mahali hasa dawa inaponasia, na namna bakteria sugu anavyoikwepa. Hospitali zetu zinapopambana na usugu wa dawa, zinapambana katika chumba ambacho Yonath na wenzake ndio waliowasha taa yake.

Huko New York nako, Oswald Avery alikaa miongo kadhaa na kijidudu kimoja cha nimonia. Mwaka 1944, akiwa na miaka 66, yeye na wenzake wawili walionyesha kwamba kinachobeba urithi kutoka kijidudu hadi kijidudu ni DNA, yaani kemikali inayounda vinasaba. Alikuwa akiitafuta nimonia, akakuta urithi wa viumbe vyote.

Sasa turudi Tanzania. Pale Tengeru, kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, tunayo Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011. Ni chuo cha uzamili na uzamivu katika sayansi na uhandisi. Ni chetu. Nashangaa ni wahitimu wangapi wa jiji hili hawajui kwamba kipo.

Nilipata kufanya kazi na mwalimu mwenzangu aliyezaliwa chini ya Mlima Meru. Alikuwa mcheshi, lakini kila alipocheka aliziba mdomo kwa kiganja. Ilinichukua mwaka mzima kuelewa. Meno yake yalikuwa na madoa ya kahawia, kama kikombe kilichokaa na chai, kwa sababu alikunywa maji yenye floridi nyingi utotoni. Miamba ya volkano ya upande ule inatoa floridi ndani ya chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita; yapo maji ya kule yanayopita kiwango hicho mara kadhaa, na yakinywewa kwa miaka mingi hayaishii kwenye meno, huipinda hata mifupa ya mtoto. Mtu anaweza kuchemsha maji yale mpaka kuni ziishe, na floridi haitoki, tena inazidi kukolea maji yanapopungua.

Mhadhiri wa taasisi ile ya Tengeru, Dakta Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali wilayani Karatu, alilishika tatizo hilo kwa kemia ya chembe ndogo mno, ambazo jicho halizioni hata kwa hadubini ya kawaida. Alitengeneza chujio linalotumia mchanga kwa hatua moja na chembe hizo kwa hatua nyingine, na ubora wake ni kwamba chembe zinaandaliwa kufuatana na uchafu wa maji ya mahali husika, ikiwa ni floridi, ikiwa ni metali nzito, ikiwa ni vijidudu. Mwaka 2015 alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, inayotolewa na Taasisi ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Naomba mlitazame jambo hili kwa karibu. Swali lilikuwa limekaa ndani ya vinywa vya watu wa Meru kwa vizazi. Lilipowekewa nyumba umbali mfupi kutoka kwenye chemchemi zenyewe, na akapatikana mtu wa kuamka nalo kila asubuhi, likaanza kujibika.

Lakini nyumba ina gharama, na hapa nitasema la kwangu mwenyewe. Nikiwa natafuta uzamivu, katika chuo ambacho sitakitaja, nilikuwa nachunguza bakteria wa visima vya mjini hapa. Niliagiza kimeng'enya kutoka nje, kichupa kidogo kuliko kidole changu cha mwisho, kinachotakiwa kukaa nyuzi 20 chini ya sifuri wakati wote. Kilifika nchini kikiwa kimezungukwa na barafu kavu. Kikakaa siku 11 ghalani kikisubiri karatasi moja isainiwe. Nilipokabidhiwa, boksi lilikuwa limelowa, lebo imebanduka, na ndani hapakuwa na barafu hata chembe. Nikakitumia hivyo hivyo, kwa sababu fedha ya kuagiza kingine haikuwepo. Kwa miezi minne majaribio yangu hayakuonyesha kitu, na kwa miezi minne nilijilaumu nikidhani mikono yangu ndiyo mibovu. Aliyechelewesha karatasi ile hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ndani ya boksi kuna miezi minne ya maisha ya mtu.

Kwa hiyo ninawaomba ninyi mnaoshika kalamu za kusaini, mbanduke kitini upesi boksi la namna hiyo linapofika. Na wazazi, kijana wako wa uzamivu anapokuja nyumbani Krismasi au Idi, usimpokee kwa swali la "utamaliza lini kusoma, wenzako wameshajenga?" Mwulize anatafuta nini. Mwache akueleze hata kama hutaelewa yote. Wengi wao wanafundisha tuisheni mpaka saa tatu usiku ili walipe pango, wanarudi maabara saa nne, na hakuna mtu hata mmoja katika ukoo aliyewahi kuwauliza swali hilo.

Na ninyi mliojaliwa mali, nina neno nanyi. Watu wa pwani tunalijua wakfu. Mtu anatenga nyumba au shamba, haliuzwi wala halirithiwi, na mapato yake yanaendesha msikiti, kisima, au yanasomesha yatima, miaka 100 baada ya yeye kuzikwa. Taasisi ya Rockefeller ilianzishwa mwaka uleule ambao mwanzilishi wake, tajiri John D. Rockefeller, alifiwa na mjukuu wake mdogo kwa homa nyekundu, ugonjwa ambao madaktari wa wakati huo hawakuwa na dawa yake. Taasisi ya Rehovot ilianza mwaka 1934 kwa jina la Daniel Sieff, kijana ambaye wazazi wake walitoa fedha baada ya kumzika. Jina la Weizmann lilikuja mwaka 1949. Nyumba zote mbili zilijengwa juu ya kaburi la mtoto. Nasi tumezika watoto wengi kwa malaria, kwa selimundu, kwa magonjwa ambayo bado yana maswali ndani yake. Tunajenga makaburi ya marumaru. Tunachinja ng'ombe siku ya arobaini. Je, ni nani kati yetu amewahi kuweka wakfu wa maabara kwa jina la mwanawe, wakfu wa kumlipa posho mwanafunzi mmoja tu wa uzamivu, mwaka hadi mwaka, daima? Kisima cha wakfu tunakijua. Jokofu la wakfu, la nyuzi 80 chini ya sifuri, lenye jenereta yake, kwa nini tusilijue?

Namalizia na jambo la juzi. Nilitembelea shule moja ya sekondari upande wa Kigamboni, na mwanafunzi wa kidato cha pili akanieleza kwamba kisima cha kwao kimeanza kuwa na chumvi. Nikamweleza kama ninavyojua: visima vya pwani vikivutwa sana, maji ya bahari hupenya chini kwa chini yakajaza nafasi. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba jirani yao yuko karibu zaidi na bahari kuliko wao, anavuta maji mengi kuliko wao, na kisima chake bado ni maji baridi. Kama ni bahari, mbona haikuanzia kwake?

Sikuwa na jibu. Nimeliandika kwenye daftari langu, na nimewauliza wenzangu wawili wa jiolojia, nao hawakukubaliana. Binti mwenyewe yuko hapa, safu ya nne, karibu na dirisha. Simama, mwanangu. Mpeni kipaza sauti.